Barua ya wazi kwa wanaotupeleka Makka: kinga haisomi kadi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na ambao salamu hii si yenu, habari zenu.

Naandika kwenu mnaosimamia safari za hija nchini, nyie wakubwa wa afya, nyie masheikh mnaofundisha manasiki, yaani taratibu za ibada ya hija, na nyie wenye taasisi mnaopokea hela za wazee wetu. Sitaji jina la mtu wala la ofisi, sitaki ligeuke ugomvi wa fulani na fulani, halafu nimeshaongea na watu wa hapa Tanga, wa Dar, wa Unguja, hata mama mmoja wa Mombasa tuliyekutana kule kule, na kila mtu ananisimulia kitu kile kile mpaka nabaki kucheka tu.

2024 nilimpeleka mama hija. Ana miaka 68, sukari huu ni mwaka wa kumi na sita anayo, presha ndo usiseme. Hela amedunduliza miaka na miaka kwa maandazi na vitumbua vya alfajiri, sie watoto tukajazia palipopungua, na siku viza ilipotoka alishinda na simu sikioni anaomba radhi watu, mpaka jirani mmoja ambaye hawajasemeshana tangu ule ugomvi wa kuku. Nalisema hili ili mjue mtu anayefika kwenu na bahasha ya hela kabeba nini.

Darasa la hija tulisoma wiki nane, kila Jumatano baada ya isha. Na lilikuwa darasa zuri, siwezi kusema uongo. Tulifundishwa ihramu, tawafu ya kuzunguka Kaaba, sai ya kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, kurusha vijiwe saba saba, tukawekewa meza katikati ya ukumbi imefunikwa kitambaa cheusi tukaizunguka kama Kaaba, wazee wanacheka, wengine wanalia. Afya sasa. Siku ya mwisho kabisa kasimama mtu akasema jamani kunyweni maji mengi, bebeni dawa zenu, na kesho saa mbili asubuhi kuna chanjo msichelewe. Basi. Sikupima kwa saa ila dakika tatu sidhani kama zilifika.

Hiyo kesho yake zilikuwa zimebaki siku sita tupande ndege. Tukapanga foleni, mmoja anachoma mwingine anaandika kadi, mi nimekaa pembeni ya anayeandika nikawa naona. Tarehe anayoandika siyo ya leo. Kairudisha nyuma wiki mbili. Nikamuuliza dada mbona tarehe hii, akaniambia kwa upole kabisa wala hana wasiwasi, "bila hivyo mtarudishwa." Na kwa kweli yule dada simlaumu, aliletewa watu wakati maji yameshafika shingoni, angefanyaje.

Lakini tuelewane hapa. Saudia hawakusema siku kumi kwa kutukomoa. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo wanataka uwe umechomwa siku zisizopungua kumi kabla hujafika, kwasababu mwili unahitaji muda wa kutengeneza kinga, na homa ya manjano ni hivyo hivyo, cheti chake kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Kinga haisomi kadi. Afisa wa uwanja wa ndege unaweza kumdanganya kwa kalamu ya bluu, mdudu wa uti wa mgongo humdanganyi, na unakwenda kulala kwenye hema na watu wasiohesabika, wengine wanakohoa usiku kucha godoro kwa godoro.

Na wala si hadithi za kutishana. Mwaka 2000 mahujaji walirudi makwao na homa ya uti wa mgongo ya aina ya W135, wakaambukiza na watu wa majumbani ambao hata Makka hawakwenda, ikafika mpaka Ulaya. Wengi wakati ule walikuwa na chanjo isiyogusa aina hiyo. Ndo ikaja hii ya aina nne inayodaiwa sasa, A, C, W (ndo hiyo W135) na Y. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1865 kipindupindu kiliua mahujaji kwa maelfu, na miaka minne baadaye, 1869, Zanzibar na mwambao wetu huu ukapigwa na kipindupindu ambacho waliofuatilia njia yake walisema kilishuka kutoka upande huo huo wa Bahari ya Shamu. Yaani babu zetu wa Pangani walishawahi kuzikana kwa ugonjwa uliotembea na wasafiri, sasa sie leo tunachukulia kadi kama risiti ya basi.

Kuna lingine la sindano ambalo nililijua tukiwa tumesharudi, na nikalijua kwa kusomasoma tu. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Kwa mtu aliyevuka miaka 60, hasa kama ndo mara yake ya kwanza kuchomwa, hatari ya madhara makubwa inapanda, bado ni nadra lakini inapanda, kwahiyo inatakiwa daktari akae na mzee, apime faida na hatari, ndo aamue. Mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana hatakiwi kuchomwa kabisa. Mama ana 68. Aliulizwa jina na mkono upi. Hakuulizwa umri, hakuulizwa dawa anazotumia, hakuulizwa kama mayai yanamdhuru. Na kwenye ile foleni nusu walikuwa wazee wa rika lake au wamempita! Halafu kuna babu mmoja tuliyekuwa naye alishachomwa 2011 akienda kumtembelea mwanawe, kadi anayo mfukoni, wakamchoma tena na kumwandikia kadi mpya, wakati tangu Julai 2016 chanjo ile inatambulika kuwa ya maisha, hairudiwi. Kamzee ka watu kanachomwa sindano isiyo na kazi.

Haya tuje kwenye mguu wa mama, ambao ndo umenifanya nikae niandike.

Siku ya kusimama Arafa, kilele cha hija, ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Juni. Jumatatu tarehe 17 tukaenda Makka kumalizia tawafu ya ifadha, ile ya baada ya Arafa, na Jumatatu hiyo ndo joto kwenye Msikiti Mtukufu lilifika nyuzi 51.8. Sie wa Tanga tunajisifu tunajua joto, hatujui kitu. Tumemaliza sai tunatoka mlangoni ndala za mama hazipo. Zile ndala za bluu, tuliziacha pale pale kwenye rafu, na mlango wenyewe sina uhakika kama ndo ule tulioingilia maana milango ni mingi kupita maelezo. Nikamwambia vaa zangu, akakataa, we mwanangu utaungua, mi miguu yangu imezoea. Marumaru ya ndani na uwanja wa kuzunguka Kaaba ni ya baridi, inakudanganya. Ukitoka nje ukaikanyaga lami saa nane mchana ni kikaango. Tulitembea mpaka kwenye basi, kama kutoka sokoni Ngamiani mpaka stendi hivi, na mama hata hakulalamika, anasoma dhikri zake.

Hakulalamika kwasababu hakusikia. Mtu wa sukari wa miaka kumi na sita nyayo zina ganzi, unaweza kumchoma pini asijue. Hilo kliniki ya sukari walishamwambia, kagua miguu kila jioni, ila nani alikumbuka pale Mina kwenye mahema, watu tumechoka hivyo. Niliona kesho yake usiku namvua soksi, nyayo imeota malengelenge mawili makubwa kama maandazi yake mwenyewe, na kidole kidogo kimeshageuka rangi. Nikapiga kelele. Yeye ananiambia punguza sauti wenzio wamelala.

Pale Mina tulipata huduma nzuri, niseme ukweli, matibabu ya mahujaji kule ni bure na hawakutudai hata riyali. Lakini daktari anaongea Kiarabu na Kiingereza, mama anaongea Kiswahili na Kibondei, Kiingereza changu mimi cha darasani kikaisha kwenye sentensi ya pili. Akauliza anatumia dawa gani. Nikatoa vile vifuko vya dawa tunavyopewa huku, mnavijua, kimeandikwa kwa peni 1x2, kingine 1x1 usiku, jina la dawa hakuna. Vidonge vyeupe vya duara, vingine vyeupe virefu. Daktari akavimwaga kiganjani akaviangalia, akaniangalia mimi, akavirudisha. Sijawahi kuona aibu kama ile. Wakampima sukari mashine ikasoma 342, moyo ukanipasuka maana kwetu 12 tu tunakimbia hospitali, nikajua mama ameshaondoka. Kumbe wao wanatumia kipimo kingine, ukitaka cha kwetu unagawanya kwa 18, inakuja 19. Ambayo ni mbaya pia, mbaya sana, ila siyo ya kuzimia mlangoni kama nilivyotaka kuzimia mimi. Aliyetuokoa ni kijana wa Kisomali aliyekulia Mombasa, alikuja kumtazama baba yake kitanda cha pili, akasikia Kiswahili akageuka, akatutafsiria mpaka saa tisa usiku. Allah amlipe. Ila jamani, tiba ya mahujaji wa nchi nzima itegemee kijana aliyepita na mambo yake?

Dokta wa msafara wetu? Alikuwepo kwenye karatasi. Tulioneshwa kabisa kwenye kile kipeperushi, "daktari na nesi wenye uzoefu". Mmoja alikuwepo kweli, ila hoteli yake nyingine na simu haipatikani, na begi lake nililiona mara moja, panadol na dawa ya kikohozi.

Kidole kidogo cha mama kilikatwa mwezi wa nane, huku nyumbani. Anatembea, anashukuru, anasema ameacha kidole kwenye njia ya Mola wake kwahiyo hana deni na mtu. Hayo ni yake na imani yake. Mimi nina deni nanyi.

Maana mwaka ule ule Saudia walitangaza vifo 1,301, kati ya mahujaji zaidi ya milioni 1.8, na asilimia 83 ya waliofariki walikuwa hawana vibali, walitembea juani bila hema wala basi la kiyoyozi. Najua mtaniambia hao ni wa njia za panya, si wetu. Sawa. Lakini asilimia 17 iliyobaki walikuwa na vibali na mahema na taasisi, na mama yangu alikuwa na kibali chake shingoni wakati lami inamuunguza.

Ninachotaka nakisema sasa na nakisema kwa heshima. Afya iingizwe ndani ya darasa la hija, isiwe tangazo la siku ya mwisho. Kama mna wiki nane za manasiki, toeni Jumatano mbili za mwanzo, aje dokta na nesi, si mtu wa taasisi. Wazee wapimwe sukari, presha, moyo, miguu, miezi mitatu kabla, kukiwa bado kuna muda wa kubadilisha dawa, na chanjo zichomwe mwezi mzima kabla, tarehe iandikwe ya siku ile ile. Mkishindwa kuleta watu mapema kwasababu malipo ya viza yanachelewa, basi chanjo isisubiri viza, sindano ya uti wa mgongo haimdhuru mtu aliyekosa safari.

Kila hujaji awe na kadi moja ngumu shingoni, Kiswahili upande huu Kiarabu upande ule, ugonjwa alionao, jina la dawa la kitaalamu na kiasi, kinachomdhuru, na namba ya kiongozi wake. Chini waandike 997 ya gari la wagonjwa na 911 ya dharura kwa pale Makka, maana nimeuliza watu zaidi ya ishirini tuliokuwa nao, hakuna aliyekuwa anazijua, na mimi mwenyewe nilizijua mguu ukiwa umeshaoza. Dawa zibaki kwenye boksi zake na cheti cha daktari, si vifuko. Na waambiwe kabisa kwamba vidonge vya maumivu kama tramadol ni dawa ya kudhibitiwa kule, bibi anaweza kujikuta chumba cha maswali kwa kidonge cha mgongo alichonunua duka la dawa la mtaani. Wa insulini waambiwe isiingie kwenye begi la chini ya ndege inaweza kuganda, na ndani ya hema isiachwe pembeni ya mto wa kulalia.

Mambo ya maji msiseme tu kunyweni mengi. Mnajua kwanini wanawake hatunywi? Foleni ya choo Mina. Unasimama mpaka magoti yanatetemeka, sasa mama mtu mzima anaona bora kiu. Na mama mojawapo ya dawa zake za presha ni hii ya kukojoza, kwahiyo anatoa maji na haweki mengine, kwenye joto lile. Hilo anatakiwa daktari alizungumze nae kabla hajaondoka, kama dawa ibadilishwe au ipunguzwe siku zile, asiamue mwenyewe kuacha kama walivyofanya wengine kwenye hema letu, presha zikawapanda. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zigawiwe, ni vitu vya bei ndogo. Na watu wafundishwe dalili, mtu akianza kuongea visivyoeleweka, ngozi inachoma, hiyo si jazba ya ibada wala si majini, ni joto limepanda mpaka kwenye ubongo, mwagieni maji, mpepeeni, mpelekeni, msianze kumsomea kwanza. Someni huku mnamwagia.

Kuna la dada zetu ambalo masheikh mnaona haya kulisema na wanaume hawalijui, vidonge vya kuzuia hedhi. Wanapeana tu kwenye grupu la wasap, kunywa hivi mara tatu kwa siku, bila kuuliza kama mtu ana historia ya damu kuganda, halafu anakaa kwenye ndege masaa na masaa. Wekeni nesi wa kike azungumze nao. La wanaume nalo ni wembe. Kaka zetu wamenyoa pembeni ya barabara na vijana wenye wembe mmoja na chupa ya maji, wakati vinyozi wenye leseni na nyembe mpya wapo. Homa ya ini inakaa kwenye damu kavu ya wembe vizuri tu.

Na masheikh zangu, hapa nawaomba nyie zaidi kuliko madaktari. Mzee wa miaka 75 hatamsikiliza dokta anayemwambia usiende kurusha vijiwe saa sita mchana, atamwona kijana huyu anataka kunipunguzia thawabu. Atakusikiliza wewe. Mwambieni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu walio dhaifu katika ahali zake waondoke Muzdalifa, pale mahujaji wanapolala wakitoka Arafa, usiku kabla ya watu. Mwambieni asiyeweza anawakilisha mtu amrushie vijiwe. Mwambieni kiti cha magurudumu hakipunguzi tawafu. Mlitufundisha kwamba hija ni kwa mwenye uwezo, na tukaishia kuhesabu uwezo kwa shilingi tu. Kwenye wiki zote nane neno ruhusa nililisikia mara moja, tena lilihusu manukato.

Nyie wa afya nawaomba na hili dogo la kurudi. Tulipotua nyumbani tulipokewa na dufu, asumini na picha, hakuna aliyetuuliza nani anakohoa, nani ana homa, na karibu basi zima lilikuwa linakohoa. Karatasi moja tu, ukipata homa au kupumua kwa shida ndani ya wiki mbili nenda hospitali na sema nimetoka Saudia. Kuna kile kirusi cha MERS, cha kushambulia mapafu, kiligundulika kule 2012 na ngamia wanacho, na kuna watu kwenye msafara wetu walipelekwa kupiga picha na ngamia wakanywa na maziwa yake mabichi, wanaona ni sunna. Daktari wa huku asipoambiwa mgonjwa katoka wapi ataandika nimonia ya kawaida.

Mama sasa hivi anashona. Kachukua kanga zake za zamani anakata vifuko vyenye kamba ya kuning'iniza mgongoni, saizi ya ndala jozi moja na soksi, ukiingia msikitini unaingia nazo, huachi kitu mlangoni. Ameshapitisha hamsini, ishirini wamechukua wanawake wa mtaani kwetu wanaokwenda. Taasisi inayotaka ije ichukue, hauzi. Vilivyobaki vipo kwenye ndoo sebuleni.

Wassalaam.

Mtoto wa hujaji, Tanga